Kenchi za Mjomba

3 Machi

Mwanangu mwalimu mtarajiwa,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima. Mama yako anakohoa, ila sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo.

Mwanangu, nimepigwa butwaa, mdomo haufungi. Nimepata kazi ya paa la saluni: kenchi sita za chuma, pembetatu tupu, zote zifanane. Tatu nimechomelea mimi, tatu nikampa mjomba wako kwenye karakana yake. Nikamtumia vipimo: mteremko mrefu mita mbili na nusu, mfupi mita moja na nusu, pembe digrii thelathini kule chini kwenye mguu wa ule mrefu. Kitako, kile chuma cha chini, nikamwambia kitajileta chenyewe, akate, asinichoshe na maswali.

Leo kaleta. Zangu zina kitako cha mita tatu, ukuta hadi ukuta. Zake mita moja na kidogo! Vitoto vya kenchi! Nikamwambia palepale, mafundi wanasikia, mama wa saluni anasikia: "Shemeji, umekula vyuma vyangu!" Akaondoka. Simu hapokei. Miaka kumi na tisa pamoja, kumbe nafuga mwizi!

Baba yako


9 Machi

Shikamoo baba,

Mpe mama pole. Mimi mzima, ila barua yako imenikosesha raha.

Kabla hujasema tena hilo neno, pima kenchi ya mjomba: mrefu, mfupi, pembe. Kisha chora mstari chini, uinamishe chuma kirefu juu yake kwa digrii zako. Kile kifupi kining'inize kwenye ncha ya juu, ukibembeze kama mguu. Hesabu kinagusa mstari mara ngapi.

Ili pembetatu zilingane kabisa, unatoa pande tatu. Au pande mbili na pembe iliyo katikati ya hizo pande. Au pembe mbili na upande mmoja, useme uko wapi. Wewe pembe uliyotoa haiko katikati.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. MARA MBILI! Kimegusa mbele, kikagusa na nyuma! Nimepima mpaka futi kamba imeona aibu. Mrefu sawa, mfupi sawa, digrii thelathini kamili. Alikata nilichosema. Nimekaa juu ya ndoo.

Nimemwambia mama yako kwamba kaka yake hakuiba. Hajanigombeza. Mwanangu, hajanigombeza! Naogopa. Nifanyeje?

Baba yako


17 Machi

Shikamoo baba,

Ulimwita mwizi mbele ya watu. Wakusanye walewale.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Sisi tunapumua. Mjomba wako alikuja kwa sababu mama yako alimwita, si kwa ajili yangu. Mafundi wapo, mama wa saluni yupo. Nikachora ukutani kwa chaki pembetatu mbili, nikasema: "Huyu hakuiba. Vipimo vyangu vinazaa kenchi za namna mbili. Mjinga ni mimi."

Nikangoja acheke hata mmoja. Wapi! Utani wote ulinitoroka.

Mjomba wako akasema, "Rudia. Fundi rangi alikuwa nje."

Nikarudia.

"Na yule wa kwenye ngazi hakusikia vizuri."

Nikarudia tena. Ndipo akavua koti, akaokota chaki, akasogea kwenye zile kenchi zake, akaanza kuzitia alama za kukata upya.

Baba yako