Mahali Palipoandikwa Tupu

Minjila,
Karibu na Garsen.
18 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Randu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Nakuru na baridi yake? Mkeo Zipporah na watoto hawajambo? Na goti lako limepona, au bado unajikaza tu mbele za watu? Sisi huku tu wazima, ila jua ni kali. Ng'ombe wa Waorma wameanza kushuka bondeni, na vumbi lao limeingia mpaka kwenye unga.

Ningekupigia simu, lakini wewe hukatiza watu, na leo sitaki kukatizwa. Ndiyo maana nimempa Levi barua hii, maadamu anakuja huko na lori la maembe.

Mchoro wa ghorofa yako niliupata. Ni mzuri, siwezi kusema uongo. Vyumba kumi na viwili, roshani inayotazama bonde, na jina la baba juu ya mlango. Niliubandika ukutani nikautazama siku tatu, kisha nikaubandua.

Mwaka jana, watu wa kaunti walipokuja na ramani kupanga wapi pajengwe nini, karani alituuliza sisi wenye viwanja vya kilimani: pale penye uwazi pana nini? Mimi ndiye niliyejibu. Nilimwambia, "Hapana kitu pale, twaangalia tu." Naye akaandika neno moja: tupu. Kumbe katika kanuni zao mahali patupu ndipo pa kujengwa maghorofa. Wewe ukasikia, ukapata wazo lako. Mdomo huponza kichwa, na safari hii mdomo ulikuwa wangu.

Twaangalia nini pale, Randu? Baba akilinda mpunga ng'ambo ya mto alilala kwenye dungu wiki nzima, na mtumbwi tulirudi nao sisi. Kila jioni mama alisimama kilimani kutazama moto aliowasha baba. Moshi mmoja, baba ni mzima, analala huko huko. Mioshi miwili, mpelekeeni mtumbwi. Wewe uliiona miwili hata pasipokuwa na mmoja, mradi upate kupiga kasia. Mara ngapi tulivuka tukamkuta anatafuna mahindi ya kuchoma, akatushangaa? Nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni, halafu machozi yanakuja.

Na siku baba alipoumwa na nyoka ilikuwa mchana, mama yuko kisimani, hakuna aliyekuwa akimtazamia. Aliyeiona mioshi miwili ni Jatani, yule Muorma aliyekuwa akichunga pale kilimani. Alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu. Baba aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile.

Wiki jana walirudi kutusomea kanuni kabla hazijapitishwa. Nilisimama nikasema nilikosea, pale si patupu. Karani akaniuliza kwa heshima, basi pana nini, mama? Jatani, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, akainuka akasema, "Andika hapo iko macho. Sisi naona maji, naona ng'ombe, naona moshi ya mtu naumwa. Nyumba refu nafunga macho."

Watu walicheka, kisha wakampigia makofi. Mimi niliyesoma mpaka darasa la nane sikuweza kusema vile.

Karani alifuta "tupu" akaandika "mahali pa kuonea". Kanuni sasa inasema upande wetu wa kilima zitajengwa nyumba za chini tu, na ua uwe wa miti, si ukuta. Maghorofa yatakaa kule barabarani. Lakini kila mwenye kiwanja lazima akubali kwa sahihi yake, na wote wameshatia isipokuwa sisi, maana hati yetu ina majina mawili. Ukikataa, kiwanja chetu kitaachwa nje ya kanuni, na ghorofa moja yatosha kuziba bonde zima.

Najua ulitaka jina la baba lionekane kutoka mbali. Inaniuma kukuomba uliache. Ila hebu jiulize, likiwa juu ya roshani, litakuwa limesimama mbele ya kitu gani?

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Sahihi yangu nimeshatia. Lakini sahihi moja ni kama moshi mmoja, haumvushi mtu. Mpe Levi akirudi Ijumaa.

Nisalimie Zipporah, na umwambie mbegu za mlenda nimemfungia kwenye kitambaa cha bluu. Wabusu watoto, hasa Kaviha aliyerithi jina la mama. Shangazi Josephine anakusalimu, na Jatani pia, ambaye bado anakuita mwenye kasia. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye bado naangalia tu,

Kahaso Fondo