Santuri Niliyoifuta kwa Spiriti

Husby, Jumanne jioni

Miguu inawaka moto. Nimesafisha vyumba kwenye makao ya wazee tangu alfajiri, na mikono ikaendelea na kazi hata nyumbani: nikaifuta kwa spiriti santuri ya mume wangu Baraka, ile ya bendi kubwa ya swing, jazi ya kuchezea dansi, tuliyoipiga kwenye harusi yetu. Kumbe spiriti huyeyusha santuri za zamani! Weusi ukabaki kitambaani. Mwezi mmoja tu wa ndoa! Nikalia.

"Mke wangu, umeyafuta matarumbeta yote?"

"Nisamehe, nilitaka kutoa vumbi tu."

Akaigeuza upande ambao sikuwa nimeugusa. Bendi ikalia nzima. Miguu yangu ilikuwa imechoka mno, basi akanivua viatu, nikasimama juu ya miguu yake, tukacheza. Mpenzi wangu huyu!

Upande huo nitauacha na vumbi lake.