Mchanga wa Simsim Kabla ya Arobaini

Jumapili, 7 Januari

Mashine imefika! Nyeupe, nene, ina mdomo mbele. Jirani alinisaidia kuipandisha ngazi, akauliza kama ni ya kufulia nepi. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Ni choo cha paka. Paka akishatoka, pipa linajizungusha lenyewe, mchanga unapita kwenye chekeche, madonge machafu yanaangukia kwenye droo. Hakuna mkono unaogusa kitu. Hilo ndilo sharti la Mama. Mke wangu Anfal yuko kwao tangu alipojifungua, anamalizia arobaini yake kwa mama yake, na siku atakayorudi na binti yetu Sabika, Mama hataki mtu wa nyumba hii achote uchafu wa paka kwa koleo halafu amshike mtoto. Harufu pia hataki. "Paka ni msafi, sikatai," anasema. "Choo chake ndicho si kisafi." Yeye anakaa chini na sisi tunakaa juu, lakini pua yake inakaa nyumba nzima.

Mashine ikishindwa, paka wetu Simsim anapelekwa Wafra, shambani kwa Mjomba Khalaf. Mjomba anafuga mbwa wa kuwindia. Simsim anaogopa mwavuli!

Na Anfal? Amemlea huyu paka tangu hajaolewa. Jana kwenye simu alicheka, akasema akirudi asimkute Simsim anageuza gari palepale. Alicheka, ndiyo. Namjua anavyocheka.

Jumatatu, 8 Januari

Mwenye duka akaniuzia chembe zinazong'aa kama kioo. Eti ndizo za kisasa, harufu yote zinainywa. Mashine ya kisasa, chembe za kisasa — nikaona nimemaliza kazi.

Hazigandi. Mkojo unaenda chini, chekeche linapitisha kila kitu, kibichi na kikavu, droo inabaki tupu na pipa linanuka. Simsim alipokanyaga mle ndani, krach krach, akaruka nje kama aliyekanyaga makaa. Simu, iliyounganishwa na mashine ili inipe habari kila paka akiingia, inaniletea ujumbe kila dakika: kosa, kosa, kosa. Najua!

Jumatano, 10 Januari

Leo vidonge vya mbao. Vinanukia vizuri, kama duka la seremala. Lakini ni vinene, havipiti kwenye chekeche. Simsim akaingia, akafanya haja yake kwa adabu, akatoka. Mashine ikajizungusha — ikamwaga vyote kwenye droo! Vyote, visafi na vichafu. Paka akarudi kuchungulia, akakuta pipa tupu. Akanitazama. Nikamtazama.

Anfal alitaka kumwona kwenye simu. Nikamwonyesha upande wa masikio tu, nyuma kulikuwa na fujo. Akauliza mashine inaendeleaje. Nikasema inazoea nyumba.

Ijumaa, 12 Januari

Barazani kwa Mjomba Khalaf baada ya swala. Nilifanya kosa la kusema. Wanaume wote wakaweka vikombe vya kahawa chini.

"Narudia ili nielewe," akasema Mjomba. "Unanunua mchanga. Kuwait."

"Si mchanga wa kawaida, Mjomba. Ni wa—"

"Nchi nzima mchanga! Macho yetu mchanga, mapafu yetu mchanga, wali wa kambini jangwani unautafuna na mchanga wake! Na wewe unaagiza wa kuja kwa ndege?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikajitetea kwamba mashine inachagua. "Mashine imekuwa bibi harusi?" akauliza Mjomba. Kisha akanihurumia, ndiyo mbaya zaidi. Akasema kule kambini kwake jangwani kuna mchanga mlaini kama unga, upepo umeshauchekecha, na mababu wa paka wote walijisaidia humo wala hawakulalamika.

Nimerudi na gunia. Sijui kwa nini siwezi kumkatalia yule mzee. Na kwa kweli, moyoni, niliona ana hoja.

Jumamosi, 13 Januari

Hakuwa na hoja.

Simsim alifurahi, hilo nikubali. Alichimba kama anayetafuta kisima. Kisha akakojoa, mchanga ukawa tope, pipa likazunguka na tope likaingia kwenye meno ya mashine. Sauti iliyotoka! Mama alipanda ngazi na shela yake ya kuswalia, hata viatu hakuvaa. Akaona tope limefika ukutani. Akaziba pua.

"Hiki ndicho choo kinachojisafisha?"

"Ni mchanga, Mama. Bado natafuta mchanga wake."

"Tafuta haraka, babaangu. Mke wako anarudi, na mimi neno langu ni lilelile."

Nimeshinda nikichokonoa mashine kwa mswaki wa zamani. Nina shahada ya uhandisi. Sitaki kuongea.

Jumanne, 16 Januari

Imewezekana!! Udongo mlaini unaoganda, punje ndogo, hauna vumbi, hauna manukato. Hasa hauna manukato, ndivyo Daktari Rawan wa wanyama alivyoniambia kwenye simu: mashine inataka mchanga unaoganda haraka na punje za kupita chekeche, paka anataka usionukia kitu. Wakikubaliana wote wawili, shukuru Mungu, usibadilishe tena.

Simsim akaingia, akatoka. Pipa likazunguka. Donge moja, gumu, zima, tup! ndani ya droo. Nilimpigia Anfal nikamwonyesha donge. Akasema Baba Sabika, mwenzio nanyonyesha. Lakini alifurahi, niliona.

Mama akaja kunusa. Akanusa pipa, akanusa zulia, akaninusa na mimi. "Mh," akasema. Kwa Mama hiyo ni hotuba nzima.

Alhamisi, 18 Januari

Siku tamu. Mama anapanda na kushuka akipanga chumba cha mtoto, ana furaha, ananipikia machbusi, wali wa nyama na viungo, kama mimi ndiye niliyezaa. Simu kimya tangu asubuhi. Hakuna kosa, hakuna onyo. Sikujua kimya kinaweza kuwa kitamu hivi.

Ijumaa, 19 Januari

Simu bado kimya. Simsim amenuna chini ya kochi, samaki hakumgusa. Labda amechoka na pilikapilika za Mama.

Jumamosi, 20 Januari

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Nimemkuta bafuni, kwenye sinki, amechuchumaa. Hakuna kinachotoka. Analia kwa sauti sijawahi kuisikia, nene, kama ya mtu. Simu ilikuwa kimya kwa sababu hakuwa akienda chooni! Na mimi nakula machbusi na kushukuru!

Daktari Rawan alimminya tumbo kidogo tu. Njia imeziba. Kibofu kigumu kama limau. Akasema paka dume akibana mkojo na akiwa na hofu, huwa hivi, na kwamba ningechelewa mpaka kesho ningekuja na maiti. Wamemwekea mrija, anabaki kwao. Akaniuliza nimebadilisha nini. Nikaapa: hakuna! Mchanga uleule!

Nimerudi nikafungua pipa. Harufu ya udi ikanipiga usoni kama nimeingia ukumbi wa arusi. Ni bukhuri ya Mama, ile ya unga, anayoitunza kabatini kwa ajili ya siku kubwa. Ameichanganya na mchanga, kwa mkono wake, mpaka chini.

Nikashuka. Alikuwa anakunja nguo ndogo za Sabika. Kabla sijafungua mdomo akasema, uso unang'aa: "Umeona lakini? Hata harufu hakuna tena. Nimewatilia ile nzuri kabisa. Mwache na yeye anukie, mlezi wake anarudi."

Nikasema asante Mama.

Jumatatu, 22 Januari

Anfal anataka kumwona Simsim. Nikasema amelala. "Amelala tena?" Nikasema baridi. Nachukia nafsi yangu.

Mama ndiye aliyeniweza. Aliuliza paka yuko wapi, mbona hapiti tena miguuni pake. Nilitaka kumdanganya na yeye, nikashindwa. Nimebakiwa na uongo wa mtu mmoja tu kwa siku. Nikamwambia yuko hospitali, mkojo umegoma. Akauliza kwa nini. Nikasema sababu ni nyingi. Mama akakaa kwenye ngazi, polepole, akishika ukuta.

"Ni ile bukhuri."

Nikisema siyo, atajua. Nikisema ndiyo, nimemwambia mama yangu kwamba zawadi yake nusura iue.

"Nilitaka anukie tu," akasema. Na mimi nimesimama pale na koleo la kutolea ule mchanga mkononi.

Jumatano, 24 Januari

Wametoa mrija. Bado hajakojoa mwenyewe. Anfal anarudi kesho. Sijamwambia. Nilianza mara mbili, Sabika akalia mara zote mbili.

Alhamisi, 25 Januari

Nimempokea Simsim saa sita mchana. Mwembamba, amenyolewa mguu mmoja. Daktari Rawan alisema wazi: akikojoa mwenyewe kabla ya jioni, amepona. Asipokojoa, mrudishe, atapasuliwa, na kwa hali yake hawezi kuniahidi kitu.

Mashine nimeiosha kwa siki, kwa sabuni, kwa maji ya moto. Bado inanukia arusi. Simsim hakuigeukia hata kidogo. Nikaweka beseni la kawaida lenye mchanga mpya kando yake. Mama akaliona, akaliona na koleo. "Kwa leo tu," akasema. Kusema ukweli hata sikumsikia vizuri, nilikuwa namfuata paka chumba hadi chumba kama askari. Beseni: hapana. Sinki: hapana. Saa nane, saa tisa, hakuna. Anfal akapiga, wameshatoka kwao, wako njiani.

Kisha Simsim akaingia chumba cha mtoto. Kitanda kimeletwa leo asubuhi, Mama amekitandika mwenyewe shuka alizozidarizi kwa mkono. Simsim akaruka ndani. Akazunguka. Akachuchumaa katikati ya shuka nyeupe.

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa ya kumpokelea mkwewe. Hakupiga kelele. Mimi sikumfukuza.

Tone. Tone jingine. Halafu mfereji! Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti — kwa mkojo wa paka, kwenye kitanda cha binti yangu, mbele ya mama yangu!

Honi chini. Nimekimbilia jikoni kutafuta kitambaa, na badala ya kitambaa nimeshika kalamu. Anfal yuko kwenye ngazi, anaita "Simsim!" Mimi hajaniita. Na kule chumbani namsikia Mama, polepole, kwa sauti ambayo hajawahi kumpa yule paka:

"Maliza, babaangu. Maliza kwanza."