Kuku wa Mama Sara

Jinja, Jumapili

Nyanya,

Shikamoo. Huku mvua haikatiki, lakini mjukuu wako ameshiba. Jana nilisali Sabato na Wayahudi wenzetu wa Mbale, juu mlimani. Baada ya sala mwenyeji wangu, Mama Sara, alinipakulia matoke na kuku aliyepikwa tangu Ijumaa. Kabla sijafikiri, nikasema yale uliyonifundisha kusema kwenye nyumba za watu: "Samahani mama, nyama hunidhuru."

Mwiko ukasimama mkononi mwake. "Kijana, hii kuku tulichinja sisi wenyewe, na sala yetu. Wewe si Myahudi?"

Niliona haya, Nyanya. Tangu shule ya msingi nasingizia tumbo, na sijawahi kumwambia mtu kwamba sababu ni dini. Nikajibu, "Ni Myahudi, mama." Akanipa paja. Nikalimaliza, nikaomba tena!

Kesho narudi Nairobi. Niwekee nafasi kando yako Ijumaa, ukiwasha mishumaa. Na wenzangu wa chuo wakija kula kwetu, usiwaambie tena kwamba tumbo ndilo linalonizuia kula nyama kwao. Nitawaeleza mwenyewe.

Nakupenda sana,
Daudi