Siku ya Thelathini Iliangukia Sabato

Alhamisi, 13 Machi

Tumepoteza nafasi ya kupinga kodi. Iliisha Ijumaa, tarehe saba, na aliyehesabu siku ni mimi.

Leo majani ya chai kilo sitini na nne. Wazee wote ishirini na wawili wamekunywa uji, wawili wakilalamika sukari. Nimerudi ofisini, nikasoma tena barua iliyofika jana kutoka kwa watu wa kodi. Wanasema pingamizi letu limechelewa. Hawakulisoma.

Barua yao ya kwanza ilikuja tarehe sita Februari. Cheti chetu cha msamaha wa kodi hakitaandikwa upya. Eti ekari mbili za chai ni biashara, kwa hivyo nyumba hii ya wazee italipa kodi kama duka. Asiyeridhika apinge ndani ya siku thelathini. Nikahesabu. Ya thelathini ikaangukia Jumamosi. Kwetu Waadventista kitu kikiangukia Sabato kinasongezwa mbele. Harusi, mchango, mkutano wa kamati. Nikatuma Jumapili asubuhi, kila karatasi mahali pake.

Kwao kinarudishwa nyuma. Siku ya mwisho ikiwa Jumamosi, basi ilikuwa Ijumaa. Ndivyo sheria yao ilivyoandikwa.

Miaka kumi na tisa niliuza ndizi sokoni Kebirigo bila kukosea chenji. Shamba la chai nililinunua kwa ndizi hizo, nikaipa nyumba hii. Sasa hili. Nina hasira na sheria. Na mimi mwenyewe, zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Kamati. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Nyaboga, amestaafu shule lakini hajastaafu ualimu. Anataka twende mahakama kuu Kisii moja kwa moja. Mpwa wake ni wakili.

Nikasema kuna ngazi. Unapinga kwao kwanza. Wakikukatalia, unaenda baraza la rufaa za kodi. Mahakama ni baadaye. Tuombe kuongezewa muda, tuanzie chini.

"Mama Nyanchama, hesabu yako ndiyo imetufikisha hapa. Leo tuachie sisi."

Watu wakacheka. Kura tano kwa mbili: mimi na muuguzi wetu.

Jumatano, 30 Aprili

Mahakamani dakika kumi na moja. Wakili ametaja wazee, ametaja katiba, ametaja wazee tena. Jaji alisikiliza vizuri. Hakuwa mkali. Kesi imeondolewa.

Hakusema tumekosea kuhusu chai. Hakufika kwenye chai. Amesema sheria imeweka milango yake na sisi tumeiruka, turudi tukabishe hodi.

Wiki sita na siku tatu zimeenda hivyo. Mwalimu alinunua soda mbili kantini. Yake hakuinywa. Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza na soda.

Ijumaa, 2 Mei

Ofisi ya kodi mjini Kisii. Foleni ndefu. Karani ni msichana wa upande wa ziwa, Akinyi. Akasoma tarehe zetu, akatikisa kichwa.

"Mama, mlianza na jaji? Hiyo ni kuomba talaka kabla ya posa."

"Ndio nimekuja kuposa."

Akacheka. Akauliza sababu ya kuchelewa. Wengi huandika ugonjwa, akasema. Nilikuwa mgonjwa?

"Nilikuwa kanisani."

Akanisogezea karatasi. "Basi andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Ukurasa mmoja na nusu. Nimeambatisha orodha ya pesa za chai zilikoenda: unga, maharagwe, nepi za wazee, mshahara wa muuguzi. Hakubaki kitu cha kuitwa faida. Akinyi anasema jibu ni siku kumi na nne. Muhuri nimepata saa tisa unusu. Jua bado liko juu, Sabato haijaingia.

Jumatatu, 19 Mei

Siku kumi na saba. Kimya. Nimepiga simu mara tatu. Faili iko kwa mkubwa.

Kilichofika ni barua nyingine, fupi. Tusipolipa, wataiandikia benki yetu iwape pesa yetu. Pesa hiyo ikichukuliwa naweza kulisha watu kumi na sita. Nimehesabu mara mbili, kwa sauti. Sita waende. Waende wapi? Walikuja hapa kwa kukosa pa kwenda.

Sikumwambia mtu. Lakini hapa kuta ni za mbao. Bibi yetu, Omong'ina Kwamboka, aliyetuzidi wote umri, amekunja blanketi lake na kulifunga kwa kamba ya mgomba. Muuguzi akamuuliza safari ni lini.

"Namngoja huyo wa hesabu aniambie. Na kitanda changu msimpe jirani yangu Bosibori. Atajivuna."

Nilienda nyuma ya jiko nikalia. Halafu nikaosha uso, majani yalikuwa yanangoja kupimwa.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kilo arubaini na moja tu.

Mwalimu Nyaboga amekuja na mwavuli wake, akapangusa viatu mlangoni kwa muda mrefu. Akasema aliharakisha. Nikasema mimi nilichelewa. Nimempa chai.

Tumewaandikia watu wa kodi barua pamoja. Yeye lugha, mimi tarehe. Alitaka kuweka aya ya huruma, nikaikata. Wakisema ndiyo, pingamizi letu litasomwa. Wakisema hapana, hapana yao nitaibeba hadi baraza la rufaa, huo nao ni mlango. Kimya sina pa kukipeleka.

Nimepita chumbani kwa Kwamboka. Amelala. Blanketi bado limefungwa, kajifunika shuka mbili. Nimemwongezea koti langu.

Kesho asubuhi naipeleka barua kwa mkono. Nanakili mwisho wake hapa:

"Je, mnatuongezea muda au hamtuongezei? Tunaomba neno moja, ndiyo au hapana, kwa maandishi na kwa muhuri, kufikia tarehe 30 Mei, saa kumi jioni. Hiyo ni Ijumaa. Tumehesabu."