Sura ya Mitungi Haitoki

Chumba cha Nyuma,
Saluni ya Kona.
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kunung'unika. Mkazamjomba je, ameizoea baridi ya huko? Sisi huku ni wazima. Mtoto kaota meno, anatung'ata sote bila ubaguzi.

Najua baba mkwe amekupigia simu akuombe unikanye. Kabla hujanikanya, nisikilize na mimi.

Ile riwaya niliyokuwa nikiiandika saluni, wateja wakikaushwa nywele, niliimaliza. Inahusu nchi ambayo mtawala wake ni mchawi. Kila anayempinga humwibia sauti na kuifungia kwenye mtungi. Binti mmoja, mchota maji wa ikulu, mwoga wa kutupwa, anagundua kwamba akigusa mtungi anamsikia aliyemo. Mwanzoni anaziba masikio. Mwishowe anaivunja mitungi yote, na wa mwisho ndio wenye sauti yake mwenyewe, aliyoikabidhi utotoni ili aachwe aishi kwa amani.

Mchapishaji aliipenda, akapanga tuizindue kwenye ukumbi wa maktaba. Kisha baba mkwe akaisoma. Unajua ni diwani, na uchaguzi uko mlangoni. Sasa mtawala wangu hukohoa kila anapotaka kudanganya. Nakuapia Mjomba, sikumlenga mtu. Lakini alipoufunga mswada aliniuliza kikohozi kile ni cha nani, kisha akakohoa. Mume wangu alikimbilia jikoni kuficha kicheko.

Haikuishia kwenye kicheko. Wiki hiyo hiyo mchapishaji akaniita ofisini, hanitazami usoni, akasema sura ya mitungi itolewe na mtawala atubu kwa hiari yake. Nilipomuuliza nani kasema, akaanza kupanga upya kalamu zake mezani. Nikachukua mswada wangu nikaondoka.

Jioni baba mkwe akatuita sebuleni. Akasema tuchague: kitabu au nyumba yake. Tangu niolewe nimeitikia "ndiyo baba" hata kwa mambo ambayo hakuniuliza. Nikatazama zulia, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Baba, nakuheshimu. Lakini sura ile haitoki."

Mume wangu, ambaye hata muuza nyanya humshinda maneno, akainuka akaenda kufunga mizigo. Nilimpenda upya.

Ndiyo maana anwani imebadilika. Tumebanana, kitanda kinagusa ndoo za shampuu, ila tunalala usingizi.

Ukumbi wa maktaba nao ukafungwa ghafla, eti rangi haijakauka. Ukuta niliugusa, mkavu kabisa. Basi nikawaambia wateja wangu tutasomea hapa hapa saluni. Jana walijaa hadi nje, wengine vichwa vimesukwa nusu. Nilipofika sura ya mitungi, nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Sikufichi, ni woga, maana baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

Nyuma yake alikuwa mama mkwe. Unamjua mama yule: mumewe akizungumza, yeye hutazama vyombo. Akampita, akaja akaketi kwenye kiti cha wateja, akaninyooshea mkono. Nikampa karatasi. Akavaa miwani akasoma, polepole, akipandisha sauti kidogo kidogo, na hakuruka neno. Mumewe akamwambia waende nyumbani. Akajibu bila kuinua macho:

"Tangulia. Mimi sijamaliza."

Akatangulia.

Mchapishaji kajitoa, aende salama. Jirani yetu anayechapa kadi za harusi amekubali kukichapa kitabu, chote. Baba mkwe hasemi nasi. Simchukii, na siku akija nitamkaribisha kwa mikono miwili. Ila kumwomba radhi kwa nilichoandika, hapana, hata ukinituma wewe uliyenilea. Nikanye kwa lolote jingine, Mjomba. Nipikavyo, ninavyochelewa kujibu barua, nitakubali yote.

Mfikishie mkazamjomba salamu zangu, na binamu zangu wote, hasa yule mpiga gitaa. Mume wangu anakuamkia. Mama mkwe pia anakusalimu. Yuko hapa anambembeleza mtoto, na amesisitiza niandike kwamba salamu hizi ni zake yeye, si za nyumba ya diwani.

Mungu akulinde huko uliko na akupe mwili mwepesi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kuchoka,

Kichwangumu