Kiti Kilichojibu Redioni

Baraka, Fizi
Tarehe 5 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Willy,

Ziwa lilituchukulia Nadège wetu tarehe 14 Machi, mbele ya Swima, na mwili haukuonekana. Neno hilo unalijua, lakini naliandika kwanza kwa sababu wewe hukufika kumlilia dada yako.

U hali gani huko Uvira? Mke wako Ketsia na batoto wanaendeleaje? Kikohozi kimepoa? Sisi miili iko salama. Ndagala za ziwani zinakauka vizuri juani, na paa la duka nimelimaliza mwenyewe, bila mtu kunishika mkono.

Sasa neno lenyewe. Tangu jana nakupigia simu, unakata. Ndiyo maana naandika.

Siku ya Pentekoste kwaya ilicheza ile opera ya kuchekesha, ya kijana anayeleta mbuzi wa mahari kwa mama mkwe mkali. Nafasi ya mama mkwe ilikuwa ya Nadège. Élie, kiongozi wa kwaya, alikataa kumweka mwingine kabla hatujaondoa matanga. Kiti kikawekwa jukwaani na kitenge chake juu, na kila zamu yake ilipofika, wote walinyamaza. Nilikaa benchi ya mbele. Waimbaji walikuwa watano, na hesabu hainidanganyi.

Katikati, mbuzi, naye wa kweli, akala maua ya kofia ya Isidore, yule mchumba. Isidore akatunga papo hapo, akakiimbia kiti: "Mama mukwe, mbuzi ya mahari imenila kofia!" Tulicheka hadi machozi. Kiti, kimya. Mbuzi peke yake aliacha kutafuna, akakitazama, masikio wima.

Jana wewe na redio yenu mliirusha ile rekodi ya siku hiyo, Élie aliyokutumia. Nilisikiliza na Mama jikoni. Redioni mbuzi haonekani, nikawa namweleza Mama. Isidore akaimba. Halafu Nadège akajibu: "Basi oa iyo mbuzi, baba, binti yangu atabaki!" Akacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi mwishoni. Ndipo ukumbi ukacheka, na mimi nikajisikia humo, nikilicheka jibu ambalo siku ile halikutamkwa.

Usiniambie ni sauti ya zamani. Nadège hakuwahi kuimba na mbuzi. Mazoezini, benchi ndiyo iliyoshika nafasi ya mbuzi.

Mama hakushtuka. Aliongeza sahani mezani. "Mutoto iko Uvira kwa Willy," akasema. "Na weye unataka kuondoa matanga ya muntu muzima, mwenye kupumua? Aibu, Georgette!" Akalala mlango wazi. Asubuhi chakula cha sahani ile niliwamwagia kuku. Hawakukigusa.

Matanga ni Jumamosi tarehe 17. Jamaa wa Lubondja watashuka na mihogo yao, na Mama ameapa atawafukuza. Siwezi kumzika dada yangu nusu.

Nisalimie Ketsia, shangazi Marthe na batoto wote. Mungu awafunike usiku na mchana, na ziwa liwapitishe.

Alphonse wa pirogi atakupa barua hii mkononi akishuka mtumbwini, naye atangoja. Niandikie moja kati ya haya matatu: sauti ile uliiweka mwenyewe kwenye rekodi, Nadège iko kwako, au wewe pia uliisikia, ndiyo maana unaogopa simu. Nataka jibu kabla ya Alhamisi tarehe 15, jioni.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira,
Georgette